Kura si shukrani, na shukrani si kura

Ipo ada moja katika tovuti za maswali na majibu ambayo humshtua mtu aliyelelewa kwetu anapokumbana nayo kwa mara ya kwanza. Mtu huuliza swali lililomkosesha usingizi, akajibiwa na mwingine asiyemjua wala kutarajia kumwona, na tatizo lake likatatuka. Naye, kama alivyofunzwa na wazazi wake, huandika chini ya jibu lile, "Ahsante sana, ndugu yangu. Mungu akubariki." Haupiti muda, maneno hayo hufutwa. Akitaka kujua kosa lake, huambiwa kwamba pale si mahali pa kushukuru. Iwapo jibu lilimfaa, basi na alipigie kura.

Wengi wetu huona huo kuwa ufidhuli mtupu. Tumelelewa kuamini kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kikubwa, na kwamba anayepokea akanyamaza ndiye yule punda ambaye shukrani zake ni mateke. Hata hivyo, nikilipima jambo hili kwa utulivu, naona kwamba wanaoifuta ahsante wana hoja nzito ambayo sisi tungefaidika kuisikiliza, na kwamba wao nao wamesahau jambo moja ambalo sisi tunalijua vyema. Kura ni kitu kimoja, shukrani ni kitu kingine, na madhara huanza pale kimoja kinapotumiwa badala ya kingine.

Tuchukue mfano ulio mashuhuri kuliko yote, nao ni tovuti ya Stack Overflow, iliyozinduliwa huko Marekani mwaka 2008 na Jeff Atwood pamoja na Joel Spolsky. Humo watunzi wa programu za kompyuta kutoka kila pembe ya dunia huulizana na kujibizana bila malipo. Vijana wetu wengi wanaofanya kazi hiyo, wawe Nairobi, Eldoret au Mombasa, wamefundwa na tovuti hiyo kuliko walivyofundwa na kitabu chochote. Hata maswali ya namna ya kuunganisha programu na malipo ya M-Pesa yamo humo. Mfumo wake ni huu: anayesoma jibu anaweza kulipigia kura ya kuliunga mkono, na mwandishi wake akapata alama 10, au kura ya kulipinga, na mwandishi akapoteza alama 2. Aliyeuliza ana haki nyingine ya ziada, yaani kulitia jibu moja alama ya kulikubali, jambo linalompa mjibu alama 15. Majibu yenye kura nyingi hupanda juu, na yenye kura chache hushuka chini.

Palipo na nafasi ya kuandika maoni chini ya jibu, tovuti hiyo ilimwonya mwandishi waziwazi kwamba ajiepushe na maneno kama "ahsante". Waliotunga kanuni hiyo hawakukosa adabu. Walichokataa ni kuufanya ukurasa ule kuwa barua baina ya watu wawili. Anayejibu swali leo hamjibu yule mmoja aliyeuliza peke yake. Anamwandikia pia mwanafunzi atakayefika hapo miaka sita ijayo, usiku wa manane, akiwa na tatizo lile lile. Mwanafunzi huyo anapolitafuta jibu, shukrani 40 zilizopangwa moja juu ya nyingine humzuia njia. Ni kama kisima cha kijiji: kila anayeteka maji akisimama ukingoni kumsifu aliyekichimba, wenye kiu walio nyuma watachelewa kunywa. Kwa hoja hii mimi sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza pale wanaposema, "Usishukuru, piga kura," kana kwamba mambo hayo mawili ni sarafu moja yenye nyuso mbili. Lugha yetu yenyewe ingetuonya. Neno kura tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni ile bahati nasibu iliyopigwa ili kugawa fungu au kumteua mtu bila upendeleo. Kura ya namna hiyo haimjui ndugu wala jirani. Shukrani nayo humjua mtu kwa jina lake; ni deni linalobebwa na moyo mmoja kwa ajili ya mwingine. Katikati ya hayo mawili limesimama neno ahsante, ambalo kwa Kiarabu chake maana yake ni "umetenda vyema". Basi anayesema ahsante husema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi ni njema, na kwamba aliyeitenda amemfaa. Huenda ndiyo sababu tunachanganyikiwa tunapoambiwa tutoe jambo moja na tuliache la pili.

Kura ni ushahidi. Anayeipiga huwaambia wasomaji wajao, "Nimelisoma jibu hili, nimelipima, nami nashuhudia kwamba ni sahihi na lina manufaa." Ushahidi huo hauhusiani na ukarimu wa mjibu, upesi wake wa kujibu, wala upole wa maneno yake. Tovuti yenyewe imelielewa hili kwa vitendo. Akitokea mtu aliyesaidiwa, akaamua kumlipa mfadhili wake kwa kuyatafuta majibu yake yote na kuyapigia kura moja baada ya nyingine, mitambo ya tovuti huigundua mienendo hiyo na kuzibatilisha kura hizo. Aliyeibuni kanuni hiyo alijua kwamba kura ni ya jibu, na si ya mtu. Inastaajabisha basi kwamba tovuti hiyo hiyo humwambia mgeni aipige kura mahali pa shukrani.

Madhara ya mchanganyiko huu si ya kubuni. Anayeuliza swali kwa sababu halijui jambo ndiye, kwa kawaida, asiye na uwezo wa kupambanua jibu bora na jibu linaloonekana bora. Amejaribu, mtambo umefanya kazi, amefurahi. Na katika furaha hiyo anapiga kura. Kura yake ni ya kweli ikichukuliwa kama furaha, lakini ikichukuliwa kama ushahidi ni dhaifu. Hakujaribu jibu lile kwa tarakimu kubwa, wala hakujiuliza kama limeacha mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Wakija wengine 100 wenye furaha kama yake, jibu hupanda juu kabisa, na anayefuata huliamini kwa kuwa limeaminiwa.

Kipo kisa kinachojulikana sana miongoni mwa watunzi wa programu. Mwaka 2010 mtu mmoja aliandika katika tovuti hiyo kipande kifupi cha programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, cha kugeuza idadi ya baiti iwe katika maandishi yanayosomeka kwa urahisi. Kilipigiwa kura nyingi. Baadaye watafiti walipovichunguza vipande vya Java vilivyotoka katika tovuti hiyo, walikuta hicho ndicho kilichonakiliwa zaidi ya vyote katika programu za watu wengine. Ilipofika mwaka 2019, mwandishi wake mwenyewe alitangaza hadharani kwamba kipande chake kilikuwa na kasoro tangu mwanzo: kwa mfano, kikipewa baiti 999,999 kiliandika kilobaiti 1000 mahali pa kuandika megabaiti 1. Kosa hilo halikumwua mtu. Lakini kwa muda wa miaka tisa kura zilikuwa zikiongezeka na kasoro ikibaki pale pale. Ushahidi mmoja wa mtu aliyelijaribu jibu kwa uangalifu, akarudi kusema limeshindwa wapi, ungefaa kuliko kura nyingi za walioridhika.

Msomaji wa Kenya hahitaji kusafiri hadi katika tovuti ya kompyuta ili aone hasara ya kura iliyogeuzwa kuwa ahsante. Tumeishi nayo. Mwanasiasa hufika kanisani au katika harambee, akatoa mchango mnono, akagawa unga na leso, kisha siku ya uchaguzi ikatangazwa kwamba ni haki yetu "kumrudishia mkono". Mzee mwenye heshima zake humpigia kura mtu ambaye kwa akili yake mwenyewe anajua kwamba hafai, kwa kuwa alimlipia mjukuu wake karo ya muhula mmoja. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 imeharamisha kumhonga mpiga kura, lakini sheria haina dawa ya moyo unaojiona una deni. Mzee huyo si mwovu. Ana fadhila ya kweli, ila ameilipa kwa mali isiyo yake, kwa maana kura yake ilikuwa amana ya kata nzima. Angemshukuru mfadhili wake kwa kuku, kwa dua, au kwa ziara ya heshima nyumbani kwake, na kura akampa anayestahili, asingemkosea yeyote.

Huo ndio upande ambao nawaunga mkono wenye tovuti. Sasa niugeukie upande wa pili, ambao wao ndio wenye kukosea.

Mgeni anapojiunga na Stack Overflow huanza na alama 1 tu. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba mtu asiyefikisha alama 15 hana ruhusa ya kupiga kura ya kuunga mkono ikahesabika hadharani. Akibofya, aliambiwa kwamba maoni yake yamehifadhiwa lakini hayatabadilisha hesabu inayoonekana. Tazama basi hali ya msichana wa chuo kikuu huko Kisumu aliyeuliza swali lake la kwanza akajibiwa vizuri. Akisema ahsante, inafutwa. Akipiga kura, haihesabiki. Limebaki jambo moja tu analoweza kufanya, yaani kulikubali jibu hilo, na huenda hakuna aliyemweleza kwamba alama ile ndogo kando ya jibu ina maana hiyo. Mgeni huyo hufukuzwa mlango wa mbele, akaoneshwa mlango wa nyuma, akaukuta nao umefungwa. Kisha twashangaa kwamba hakurudi.

Fauka ya hayo, wenye kanuni hii wamemhesabu mjibu kama mtu anayeishi kwa alama. Ni kweli kwamba chanda chema huvikwa pete, na alama ni pete ya aina yake. Lakini mtu anayeacha usingizi wake kumtatulia mwingine tatizo lisilomhusu hafanyi hivyo kwa ajili ya tarakimu peke yake. Anataka kujua kwamba upande wa pili wa waya palikuwa na binadamu, na kwamba binadamu huyo amepata nafuu. Kura haina jina. Aliyepigiwa hajui ni nani aliyeipiga wala kwa nini. Kwa ushahidi, kutojulikana huko ni fadhila, kwa maana humkinga mpiga kura asiogope wala kujipendekeza. Wale wanaoukumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988 wanajua vyema thamani ya kura isiyo na uso. Shukrani isiyo na uso, kwa upande wake, ni kama salamu iliyotupwa barabarani: huenda ikamfikia mwenyewe, huenda isimfikie.

Wapo watakaonijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba sifa nyingi huwafanya wajibu walewe na kuandika ovyo. Sikatai kwamba sifa hulevya. Lakini alama nazo hulevya, tena zaidi, maana huhesabika na kushindaniwa. Kuna watu ambao kwa kuzifukuzia alama hukimbilia kujibu maswali mepesi yaliyokwisha kujibiwa mara nyingi, wakayaacha magumu yasubiri. Ikiwa hofu yetu ni tembo kutiwa maji, basi ahsante moja ya faragha ina hatari ndogo kuliko mashindano ya hadharani.

Inawezekana kuvitenga vitu hivi viwili bila kukiua kimojawapo, na ushahidi upo. Wikipedia, ensaiklopidia ambayo nasi Waswahili tunayo ya kwetu tangu mwaka 2003, ilianzisha mwaka 2013 kitufe cha kumshukuru mtu aliyefanya hariri fulani. Mhariri aliyeshukuriwa hupata taarifa yenye jina la aliyemshukuru. Ukurasa wa makala haujazwi maneno, na idadi ya shukrani haiamui ni sentensi ipi ibaki na ipi iondolewe. Hilo huamuliwa kwa hoja na vyanzo. Hapo shukrani imepewa nyumba yake, na hukumu imeachiwa baraza lake.

Hata Stack Overflow yenyewe inayo njia moja ambayo naiona kuwa shukrani ya kweli, ingawa haikuitwa kwa jina hilo. Mwenye alama za kutosha anaweza kutoa zawadi ya kuanzia alama 50 hadi 500 kwa jibu lililokwisha kuandikwa ambalo yeye analiona la kupigiwa mfano. Alama hizo hutoka mfukoni mwake mwenyewe, wala hazirudishwi. Hiyo ni tofauti kubwa na kura, ambayo humnufaisha mjibu bila kumgharimu chochote anayeipiga. Kwetu mtu hashukuru kwa mali ya jirani. Uongozi wa tovuti hiyo uliwahi pia, mnamo mwaka 2020, kukijaribu kitufe cha shukrani kando ya kura, na wengi wa watumiaji wa siku nyingi wakakipinga, wakidai kwamba kura inatosha. Nasadiki walikosea. Kitufe hicho kingeweza kuikinga kura isitiwe hisia zisizo zake.

Huenda msomaji akauliza kama mjadala huu haujapitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT, idadi ya maswali mapya katika Stack Overflow imeporomoka vibaya sana. Kijana wa leo huiuliza mashine, ikamjibu papo hapo kwa upole, wala haimwombi kura. Mimi naona kwamba hapa ndipo jambo lenyewe linapozidi uzito. Mashine hizo zilijifunza kutokana na maandishi ya watu, yakiwemo majibu ya watu hao waliojitolea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2024 Stack Overflow ilitia saini mikataba na kampuni za Google na OpenAI ili majibu hayo yatumiwe katika akili unde. Baadhi ya walioyaandika walikasirika, wakajaribu kuyafuta majibu yao au kuyaharibu. Yakarejeshwa, na wao wakafungiwa kwa muda. Kisheria, leseni waliyoandika chini yake huwaruhusu wengine kuyatumia, ila kwa sharti la kumtaja mwandishi. Ni sharti hilo la kutaja jina wengi wao walilohisi kwamba limekanyagwa.

Nimeona watu wakiishukuru mashine kwa adabu zote. Siwacheki, kwani ulimi uliozoea ahsante ni ulimi mwema. Lakini ahsante hiyo haimfikii yule aliyekesha mwaka 2011 akilitafuta jibu ambalo mashine sasa inalitoa kana kwamba ni lake. Hapigiwi kura, kwa sababu ukurasa wake haufunguliwi tena. Hashukuriwi, kwa sababu jina lake halitajwi. Kisima kinatekwa kwa pampu, na aliyekichimba hamwoni hata anayekunywa. Tusipoangalia, watu wataacha kuchimba, na pampu itavuta hewa.

Basi nini la kufanya? Kwanza, tupige kura kama mashahidi. Jibu likitufaa, tulijaribu kwa uangalifu kabla ya kulishuhudia. Na likiwa na kasoro, tusilipigie kura kwa sababu tu mwandishi wake alikuwa mpole kwetu. Pili, tukiwa sisi ndio tuliouliza, tulikubali jibu lililotutoa taabani, kwani kuondoka bila kusema kama tatizo limekwisha ni kumwacha msaidizi amesimama mlangoni. Tatu, badala ya kuandika "ahsante" tupu, turudi tukaeleze jibu lile lilifanya kazi wapi, kwa mtambo gani, na lilishindwa wapi. Maelezo hayo yanamfurahisha mjibu kuliko baraka kumi, na yanamfaa msomaji wa kesho. Nne, tuyatajapo maarifa tuliyopewa, katika programu zetu na katika maandishi yetu, tulitaje na jina la aliyetupa.

Na la mwisho ndilo kubwa. Aliyesaidiwa leo ana swali moja analoweza kulijibu kesho, hata kama ni dogo. Mgeni mwingine yuko njiani, ameshikwa pale pale aliposhikwa yeye mwaka jana. Wahenga walisema tenda wema nenda zako; nasi tuliotendewa wema na mtu aliyekwisha kwenda zake, ambaye hatuna anwani yake wala hatumjui kwa sura, hatuna njia ya kumlipa isipokuwa kwa kumlipa anayekuja nyuma yetu.

Wenye tovuti nao wana wajibu wao. Wakiifuta ahsante ya mgeni, wamweleze kwa lugha ya staha ni kwa nini, na wamwonyeshe mahali ambapo shukrani yake itapokewa. Kumnyima mtu neno la kushukuru bila kumpa njia nyingine ni kumfundisha kupokea na kunyamaza, na jamii ya wapokeaji walionyamaza haidumu, iwe ya kijijini au ya mtandaoni.